Kiota cha Kobra Nyuma ya Banda la Ng'ombe

Nikiwa kidato cha tatu, mwalimu wa biolojia alituagiza kila mmoja achague kiumbe mwenye sumu, amsome, kisha aje kumweleza mbele ya darasa. Darasa zima likakimbilia kifutu na koboko. Mimi nikaona mbali. Kifutu, kila mtu hapa Marangu ana shangazi aliyewahi kumkanyaga akikata majani ya ng'ombe kule tambarare. Ukikosea rangi yake kidogo tu, mtu wa dawati la nyuma ananyoosha kidole kusema shangazi yake alimwona vingine. Nikamchagua kobra mfalme, nyoka wa Asia. Yeye anaishi India, Thailand, kusini mwa China, Indonesia, huko ambako hakuna shangazi wa mtu aliyefika. Ningesema ana masharubu, wangeandika kwenye daftari na kupiga mstari chini.

Tatizo ni kwamba yule nyoka hahitaji kuongezewa chumvi. Hakuna nyoka mwenye sumu aliye mrefu kama yeye duniani. Mkubwa wao akijinyoosha barabarani anapita urefu wa pikapu. Ana rangi ya kahawia au ya kijani kilichofubaa, mwingine mweusi, na mistari hafifu inayomzunguka kama mikunjo ya soksi, na kooni ana umanjano wa siagi. Akiudhika anainua sehemu ya mbele ya mwili wake, anasimama wima na kukutazama machoni kama mwalimu wa zamu. Shingo anaitanua, lakini si kwa upana kama swila wetu. Yake inakuwa ndefu na nyembamba, ya kujivuna zaidi. Tena hatoi ule mlio wa 'sss' kama nyoka wengine. Anaunguruma, sauti nzito ya mbwa aliyefungwa mnyororo. Sumu yake inakwenda kwenye mishipa ya fahamu: kope zinashuka, ulimi unakuwa mzito, mwishowe kifua kinasahau kuvuta pumzi. Na kwa kuwa anaitia nyingi kwa mkupuo mmoja, wanasema hata tembo anaweza kuanguka. Halafu huyo huyo, pamoja na silaha zote hizo, akisikia watu wanakuja, mara nyingi anaondoka zake kimya kimya.

Nilifanyia mazoezi jikoni kwa Bibi. Mimi naishi naye. Wazazi wangu wanafanya kazi Arusha na waliamua kwamba hewa ya huku juu inafaa watoto, hasa watoto wanaoongea sana. Bibi alikuwa anamenya ndizi za mchare, kisu kinakwenda chenyewe, macho yapo kwangu.

"Anakula nini huyo?" akauliza.

"Nyoka wenzake."

Kisu kikasimama. "Wa kwao kabisa?"

"Hata wa kwao, Bibi. Mkubwa anameza mdogo."

"Tunaye mmoja hivyo kwenye ukoo. Ana duka la vifaa vya ujenzi Moshi. Endelea."

Huyo mwenye duka ni Baba mkubwa, kaka yake baba, mtoto wa kwanza wa Bibi. Nikaendelea. Nikafika kwenye kiota, sehemu ambayo mimi mwenyewe niliipenda. Kobra mfalme jike hujenga kiota, jambo ambalo nyoka wengine hawalijui. Anazoa majani makavu kwa mwili wake, anayarundika, anataga katikati, anafunika, kisha analala juu yake kulinda. Majani yakianza kuoza yanatoa joto, na mayai yanaendelea vizuri humo ndani. Ukisogelea hapo, ule ustaarabu wake wa kuondoka kimya kimya haupo tena.

"Na dume?"

"Vitabu havimsemi sana."

"Hajengi?"

"Hajengi, Bibi."

"Basi ni nyoka wa kawaida tu," akasema, akarudi kwenye ndizi zake.

Darasani nilifanya vizuri. Mwalimu aliuliza kwa nini sikuchagua nyoka wa kwetu, nikamjibu kwamba nilitaka kupanua upeo. Akanipa alama nzuri kwa sababu ya hilo neno upeo, nafikiri. Nikajua habari ya kobra mfalme imeishia pale.

Wiki mbili hivi baadaye, mtoto wa jirani, ambaye miaka yote amekuwa akikatiza kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo la migomba na kahawa, kwenda dukani na kujihudumia ndizi kisukari njiani, nilimwona anazunguka kwa barabara kubwa. Ni mzunguko wa kutosha, tena una kilima.

"Vipi, umepigwa marufuku kwetu?" nikamuuliza.

"Kwenu kuna joka."

"Joka gani?"

"Lile linalojenga nyumba ya majani. Bibi yako ametuambia. Linasimama kama mtu, linaguna kama mbwa. Ukifika karibu na nyumba yake umeisha." Akanitazama kwa huruma. "Wewe hujui? Si mnakaa nalo?"

Kusimuliwa kazi yako mwenyewe na mtu wa darasa la nne ni jambo la kunyenyekeza. Tena alikuwa ameikariri kuliko mimi.

Nikaenda kwa Bibi. "Bibi, umewaambia watoto tuna kobra mfalme?"

"Nimewaambia kuna nyoka anayejenga kiota cha majani. Kwani uongo?"

"Nilisema yuko India."

"India sikuitaja. Ningewachanganya."

"Sasa hicho kiota kiko wapi?"

"Nyuma ya banda la ng'ombe. Usiende."

Mtu akiniambia usiende, mimi huwa nasikia neno la mwisho tu. Mchana ule, Bibi alipokwenda kwenye maombi ya akina mama, nikachukua simu nikapige picha ya kiota, niwarushie wenzangu darasani waone kwamba utafiti wangu umezaa matunda. Rundo lilikuwepo kweli: majani makavu ya mgomba yamepangwa juu ya shimo, juu yake mabichi yamelazwa kwa utaratibu. Nikachokoa kwa kijiti. Nikapata harufu tamu, nzito, ya joto. Nikaondoa jani moja, la pili, nikakutana na mikungu ya ndizi iliyolaliana kama wanafunzi wa bweni, imeanza kupiga manjano.

Mtu yeyote wa huku anajua maana yake. Ndizi za kula huivishi mikungu mingi namna ile, na huifichi. Zile zilikuwa ndizi za mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Na Bibi yangu alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu la mtaani. Zamani, kabla sijaanza shule, alisimama mbele ya usharika mzima akasema mikono yake haitakoroga pombe tena. Ndiyo maana walimpa uenyekiti, na kiti cha mbele kabisa, chenye mto.

Nikarudisha majani. Nilipogeuka, Bibi alikuwa amesimama kwenye kona ya banda na Biblia kwapani.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu, Bibi."

"Mbona una jani kichwani?"

Nikalitoa. Tukatazamana. Ng'ombe naye akatutazama, maana yeye ndiye aliyekuwa na kesi hasa. Bibi akanionyesha banda kwa kidevu. Nguzo za upande wa chini zimeoza, paa limebonyea, mvua ikinyesha mnyama anasimama kwenye kona moja kama mtu anayesubiri basi.

"Baba yako mkubwa ameniahidi bati na fundi tangu masika ya mwaka jana," akasema. "Nikimpigia anasema mzigo uko njiani. Mzigo gani huo, unatembea kwa miguu? Sasa nimewaita wanaume wa hapa jirani wanisaidie. Ukiwaita kwa chai, wanakuja wawili, wanakupa pole, wanaondoka. Ukiwaita kwa mbege wanakuja na nyundo."

"Na watoto?"

"Watoto wangeziiba kabla hazijaiva. Halafu wangesema kwao. Halafu kwao wangesema kanisani." Akajifuta uso kwa kitambaa. "Nyoka wako amenifaa sana. Mungu anisamehe, lakini amenifaa."

Alinifaa na mimi, maana ndizi kisukari zote zilibaki zangu, kwa siku kama tatu. Kisha habari ikafika Moshi.

Sijui ilishukaje. Huku kwetu habari zinashuka mlima haraka kuliko maji ya mfereji. Jumamosi asubuhi gari la Baba mkubwa likaingia, naye akatoka amevaa mabuti ya mvua, siku ya jua kali.

"Shikamoo Baba mkubwa."

"Marahaba. Usisogee huko nyuma."

Hakusogea yeye. Alisimama upande wa mbali wa migomba, akanyoosha simu, akakipiga picha kiota kwa kukivuta karibu. Kisha akatafuta video ya kobra mfalme wa huko Asia akiwa amejilaza juu ya majani yake, akaviweka pamoja, akatuma kwenye kundi la ukoo. Shangazi wa Dar akajibu kwa vikaragosi vitano vinavyolia. Mtu mwingine akaandika kwamba hali ya hewa imebadilika na tusishangae. Kufikia jioni ilikuwa imeamuliwa: kesho baada ya ibada kutakuwa na kikao, na Mama ahamie Moshi mjini, kwa mtoto wake, kwenye usalama. Ng'ombe atatafutiwa mtu. Kihamba kitaangaliwa. Mimi nitapelekwa bweni, jambo lililopitishwa bila mjadala.

Bibi alisomewa uamuzi huo akiwa anakamua. Akaendelea kukamua mpaka ndoo ikajaa.

"Babu yako amelala pale," akaniambia, akiangalia kaburi lililo kati ya migomba na mibuni. "Nikienda Moshi, nani ataongea naye? Fundi wa bati?"

Nikamwambia ningeweza kusema ukweli wa kile kiota. Akanikazia macho. "Ukisema ukweli nabaki na nyumba, napoteza kanisa. Usiposema, nabaki na kanisa, napoteza nyumba. Kwa hiyo utanyamaza, mimi niendelee kufikiri. Wewe kapambane kwa kile ulichosoma."

Ndivyo nilivyojikuta Jumapili nimesimama uani mbele ya ukoo, nikiwa mtaalamu pekee wa kobra mfalme kwenye miteremko yote ya Kilimanjaro. Mabenchi yalikuwa yamepangwa. Mzee wa kanisa, jirani yetu, mtu mpole mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata kwenye joto, alikuwa ameombwa aje kufungua kwa sala. Akaomba Mungu atulinde na yule nyoka wa kale. Baba mkubwa akasema amina kwa sauti.

"Mama, chumba kipo tayari," akaanza. "Kina choo chake ndani. Kina feni."

"Feni ya nini? Nimekuambia nina joto?"

"Kule kuna joto, Mama."

"Ndiyo nashangaa."

Nikaomba kusema. Baba mkubwa akapunga mkono: "Haya, daktari wa nyoka aseme."

Nikasema yote. Kwamba kobra mfalme ni wa Asia, hajawahi kuwa wa Afrika. Kwamba akiachiwa barabarani kwetu saa kumi na mbili asubuhi angeganda kabla hajajua aungurume upande gani. Kwamba hawindi watu. Anawinda nyoka, na nyoka wenyewe huku juu ni wa kutafuta.

"Dunia ya sasa imefunguka," akasema Baba mkubwa. "Mizigo inatoka India na China kila siku. Nyoka anaingia kwenye kontena, anajikunja, anakuja."

"Basi angeshukia dukani kwako, Baba mkubwa. Kontena linafunguliwa kule, si hapa."

Mzee wa kanisa akakohoa, akashusha kofia mpaka kwenye nyusi.

"Mnamwona?" Baba mkubwa akawaambia wenzake. "Na huyu bweni litamsaidia." Akainua simu juu. "Mimi si mtu wa maneno. Majani makavu, haya. Yamerundikwa. Juu yamefunikwa na mabichi. Nani kayarundika? Upepo? Upepo wa wapi unaopanga majani mabichi juu ya makavu?"

Nilimtazama yule mtu mzima, aliyezaliwa kwenye nyumba iliyo nyuma yake, ambaye alipokuwa na umri wangu lazima alibeba mikungu kuipeleka shimoni mpaka mabega yakachubuka, na hakika kabisa haikumjia. Ukikaa mjini na kununua ndizi zikiwa zimeshaiva, nadhani sehemu fulani ya kichwa inafungwa na kukodishwa kwa matumizi mengine. Mimi jibu nilikuwa nalo mdomoni, nikaling'ata.

Bibi akasimama. Alikuwa bado na nguo zake za kanisani, kitenge cha umoja wa akina mama na kilemba kilichonyooka.

"Kisa cha mimi kuhama ni nyoka?"

"Ni nyoka, Mama. Tunakupenda."

"Si uzee?"

"Hapana, Mama. Nani amesema uzee?"

"Si kihamba?"

Baba mkubwa akainamia mabuti yake. "Hapana."

"Kwa hiyo pasipo na nyoka, nabaki hapa mpaka mnizike pale kwa baba yenu, na habari ya Moshi hairudi tena kwenye mdomo wa mtu."

"Pasipo na nyoka mimi sina neno."

"Mzee wa kanisa amesikia?"

"Nimesikia, Mama Mwenyekiti," akasema mzee wa kanisa.

Bibi akaenda nyuma ya banda. Tukamfuata, ukoo mzima kwa mstari, Baba mkubwa na mabuti yake akiwa wa mwisho. Alipopiga magoti kwenye rundo na kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, shangazi mmoja akamshika mwenzake. Bibi akavuta. Ikatoka chana ya ndizi, njano tupu, zimeiva mpaka zinapasuka. Akaiweka pembeni. Akavuta nyingine. Akaondoa majani yote, taratibu, mpaka shimo likabaki wazi na ile harufu ikapanda na kutukumba wote usoni.

Hakuna aliyecheka. Ningetaka kusema walicheka, lakini pale kila mtu alikuwa ameshajua zile ndizi ni za nini, na kila mtu anajua Bibi ni nani kanisani. Walitazama chini kama watu waliomfumania mtu akioga.

Mzee wa kanisa ndiye aliyejaribu kumsaidia. "Labda ni za kula, Mama Mwenyekiti?"

"Zingekuwa za kula ningezifukia nyuma ya ng'ombe?" Bibi akasimama akakung'uta magoti. "Ni za mbege. Nimeziweka mwenyewe na nyoka nimemtangaza mwenyewe, mtoto huyu msimguse. Nataka kuezeka banda. Mwanangu ana duka la bati, lakini mzigo wake uko njiani."

Baba mkubwa akatazama simu yake. Simu haikuwa na la kumsaidia.

"Nitalazimika kulisema," mzee wa kanisa akanong'ona, na uso wake ulionyesha angeomba kubadilishana na yeyote.

"Usijisumbue. Nitasema mwenyewe."

Na alisema. Katikati ya wiki akaenda kwenye kikundi cha akina mama, akasimama, akawaambia alichofanya na sababu yake, hakupunguza wala hakulia. Wakamsikiliza kwa upendo mkubwa, wakamshukuru kwa uwazi wake, wakamvua uenyekiti. Jumapili iliyofuata nilikaa naye benchi la nyuma, karibu na mlango, wanakokaa wenye watoto wachanga na wanaochelewa. Mbele kule, kwenye ule mto, alikaa mama mwingine, mgongo umenyooka.

Njiani kurudi nilitaka kufanya utani, ndio ugonjwa wangu, nikakosa pa kuanzia. Nikauliza tu kama imemuuma.

"Imeniuma," akasema. "Kile kiti nilikipenda. Nilikuwa namwona mchungaji mpaka meno." Tukatembea kidogo. "Lakini nikikaa Moshi, kiti ningepewa cha nini? Cha kuangalia televisheni."

Ndizi hazingoji mtu apone moyo. Zikachemshwa, ulezi ukatwangwa, mbege ikapikwa mchana kweupe, bila jani la kufunika. Siku ya kazi wanaume wakaja na nyundo kama alivyosema. Mzee wa kanisa naye akaja, kwa ajili ya ujirani mwema, akapanda juu ya paa na kofia yake. Kila alipopelekewa kata ya mbege alisema anaonja tu. Alionja mpaka paa likaisha.

Baba mkubwa alifika na bati kwenye gari la mzigo. Hakueleza zilikuwa njia gani muda wote huo, na hakuna aliyemuuliza. Alivua saa, akashika msumari, akagonga kidole, akagonga msumari, na kufikia alasiri alikuwa amekaa juu ya gogo anawasimulia vijana jinsi mikungu ilivyokuwa inabebwa enzi zake, kwa kirefu, na kata ya pili mkononi, au ya tatu. Jua lilipokuwa linaelekea kuzama akasimama, akatafuta funguo za gari mfukoni, hakuzipata. Zilikuwa kwenye pindo la kitenge cha Bibi.

"Mama, kesho nina duka."

"Duka litafunguliwa na mwingine. Huendeshi gari hivyo." Akanigeukia. "Mtandikie baba yako mkubwa kwenye chumba chake cha zamani. Na mundu uuweke mlangoni, asubuhi ataanza na majani ya ng'ombe."